Mshtuko Unaotangulia Mlio

Teke la bunduki ni msukumo unaomrudia mpigaji wakati risasi inapotoka mbele. Kila silaha ya baruti hupiga teke, lakini katika bunduki ya marisau, ile inayorusha punje nyingi ndogo kwa mkupuo mmoja, teke huwa kubwa kwa sababu mzigo unaorushwa ni mzito. Mwili ukishapigwa mara kadhaa hujifunza kulitarajia, nao huanza kujikunyata kabla halijafika. Macho hufumba, bega husogea mbele, shavu huinuka kwenye kitako, mkono ulioshika mtutu husukuma chini, na kidole husita katikati ya safari yake. Shabaha hukoswa kabla marisau hayajatoka.

Kujikunyata huko kunaibua swali lililokuwapo kabla ya baruti yenyewe. Mtu aliyekusudia kutulia, mwili wake ukakataa, je, amekosa? Kama amekosa, kosa ni la nia au ni la mwili? Na kama hakukosa, mwalimu wa shabaha ana haki gani ya kumtaka ajirekebishe? Wanafalsafa wa Ugiriki na Roma, wanatheolojia wa Kiislamu na wanasaikolojia wamelijadili jambo hili kwa mifano ya dhoruba, kope za macho na mikono inayotetemeka. Bunduki ya marisau inalileta mahali ambapo linaweza kupimwa kwa gramu na mita. Likipimwa hapo, huonekana kwamba uhuru wa mtu mbele ya mshtuko haukai katika nukta ya kufyatua. Unakaa katika maandalizi yaliyotangulia, na wajibu wake nao unakaa humo humo.

Deni lisilofutika

Isaac Newton alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1687 kwamba kila msukumo una msukumo mwingine ulio sawa nao na unaoelekea upande wa pili. Kwa bunduki, maana yake ni kwamba momenta, yaani tungamo likizidishwa kwa kasi, inayopewa marisau, kizibo na gesi ya baruti kwenda mbele, ndiyo hiyo hiyo inayopewa bunduki kurudi nyuma.

Mfano wa kawaida ni bunduki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) yenye uzito wa kilo 3.5, inayopiga gramu 28 za marisau kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde. Kizibo na gesi vikijumlishwa, bunduki hiyo hurudi kwa kasi ya takriban mita 3.7 kwa sekunde ikiwa na nishati ya jouli 24 hivi. Ni sawa na jiwe la kilo 2.5 linalodondoka kutoka kimo cha mita 1. Bega moja, katika siku moja ya mazoezi, linaweza kudondokewa na jiwe hilo mara 100.

Momenta hiyo ni deni. Aliyetuma mzigo mbele lazima apokee malipo yake nyuma, na hakuna misuli, sala wala ujasiri unaoifuta. Lakini deni lisilofutika linaweza kulipwa kwa namna nyingi. Linaweza kukopwa dogo tangu mwanzo, kwa kurusha mzigo mwepesi au kwa kuurusha polepole. Linaweza kubebwa na bunduki nzito, kwa kuwa momenta ile ile ikigawiwa tungamo kubwa huzaa kasi ndogo na nishati ndogo. Linaweza kulipwa kwa muda mrefu zaidi, likawa msukumo badala ya pigo. Linaweza pia kutandazwa juu ya eneo pana la mwili. Njia zote hizo zina jambo moja linalozifananisha: huamuliwa kabla kidole hakijagusa kifyatulio.

Nukta chache za muda

Tangu kiwashio kigongwe hadi marisau yatoke mdomoni mwa mtutu hupita milisekunde chache, tatu au nne hivi. Mwili wa binadamu hauwezi kwenda na kasi hiyo. Kope, ambazo ni miongoni mwa viungo vyepesi kuitika, hufumba baada ya takriban milisekunde 30 hadi 50 tangu sauti kubwa isikike. Bega na mikono huchelewa zaidi.

Hesabu hiyo ina uzito mkubwa kwa swali la wajibu. Mpigaji anayeshtuka baada ya mlio hajaharibu chochote, kwa sababu marisau yamekwisha toka. Teke la risasi iliyopigwa sasa haliwezi kumkosesha shabaha yake. Linalomkosesha ni teke ambalo bado halijawa, ambalo mwili wake unalikumbuka kutoka katika risasi zilizopita na kulitangaza kwamba linakuja. Anayejikunyata hapigani na bunduki iliyo mkononi mwake. Anapigana na bunduki ya jana.

Wastoiki, wanafalsafa walioanzia Athens na baadaye wakasomwa sana Roma, walikuwa na mgawanyo unaolingana kabisa na jambo hili. Waligawa misukosuko ya moyo katika mafungu manne: huzuni au maumivu, ambayo huhusu baya lililopo, hofu, ambayo huhusu baya linalotarajiwa, raha, ambayo huhusu jema lililopo, na tamaa, ambayo huhusu jema linalotarajiwa. Kwa mgawanyo huo, teke lenyewe liko katika fungu la maumivu, na kujikunyata kuko katika fungu la hofu. Ni mambo mawili yanayotibiwa tofauti. Bega lililoumia huhitaji kupumzishwa. Hofu huhitaji kufundishwa upya, na haifundishiki wakati maumivu bado yanaipa ushahidi.

Kope, dhoruba na mkono unaotetemeka

Seneca, aliyefariki mwaka 65, aliandika katika kitabu chake kuhusu hasira kwamba kuna mwendo wa kwanza wa mwili ambao hautawaliwi na akili: mtu humwagiwa maji baridi akatetemeka, au vidole huelekezwa ghafla machoni pake akapepesa. Mwendo huo, kwake, haukuwa dhambi wala udhaifu. Kosa huanza pale akili inapoukubali na kuufuata. Karne iliyofuata Aulus Gellius alisimulia habari ya mwanafalsafa wa Kistoiki aliyekuwa safarini baharini. Dhoruba ilipovuma alibadilika rangi kama abiria wengine. Alipoulizwa baadaye, alijitetea kwa mafundisho ya Epictetus, mwalimu wa Kistoiki: hata mwenye hekima hubadilika rangi, ila hekima yake hukataa kusadiki kile ambacho uso umekwisha kukiri.

René Descartes, mwaka 1649, alitoa mfano wa rafiki anayerusha mkono kuelekea macho ya mwenzake kwa mzaha. Mwenye macho anajua kwamba hataumizwa, na bado kope zake hufumba. Kwa Descartes huo ulikuwa ushahidi kwamba mwili una mitambo yake, inayofanya kazi bila kuomba ruhusa ya nafsi.

Maelezo hayo yanamtoa lawamani mtu anayeshtuka baada ya jambo. Hayatoshi kwa anayeshtuka kabla yake. Mwanafalsafa katika dhoruba alipata muda wa kuikataa hofu baada ya uso kubadilika, na safari ikaendelea. Mpigaji shabaha hapewi nafasi hiyo. Akili yake ikifika kukataa, mtutu umekwisha kuzama na marisau yako hewani. Kukataa kunakokuja nyuma ya tendo hakuna faida kwa tendo lile.

Wanatheolojia wa Kiislamu walilishika swali hili kwa upande mwingine. Abu al-Hasan al-Ashari, aliyefariki mwaka 936, alifundisha kwamba kila tendo huumbwa na Mungu, na mwanadamu hulichuma tu. Ili kuonyesha kwamba kuchuma huko si neno tupu, alielekeza macho kwenye tofauti ambayo kila mtu huihisi ndani yake: mwendo wa mwenye kutetemeka kwa maradhi haufanani na mwendo wa mtu anayekwenda na kurudi apendavyo. Wa kwanza ni wa kulazimika, wa pili ni wa kuchumwa. Muutazila, waliosisitiza kwamba mwanadamu huyafanya matendo yake mwenyewe, walibishana naye juu ya chanzo cha tendo, lakini nao waliikubali tofauti hiyo. Aya ya 17 ya Surat al-Anfal, inayozungumzia kutupa na nani hasa aliyetupa, ilikuwa uwanja mmojawapo wa mabishano hayo. Kwa Masuni wa Kishafii wa pwani ya Afrika Mashariki, itikadi ya Kiashari ndiyo iliyosomeshwa madrasani kwa vizazi vingi, na tofauti kati ya mkono unaotetemeka na mkono unaokwenda ni mfano wa kawaida katika somo la tauhidi.

Kujikunyata mbele ya teke hakuingii sawasawa katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Ukikutazama wakati kunapotokea, ni kama kutetemeka: mtu hakukutaka, na pengine hata hakukujua. Ukikutazama kwa kurudi nyuma wiki moja au mwaka mmoja, ni matokeo ya mambo mengi yaliyochaguliwa. Kuna mtu aliyenunua risasi nzito kwa kuwa sanduku lake liliandikwa maneno ya kutisha. Kuna aliyepiga risasi 100 siku ya kwanza bila kuziba masikio, na kuna aliyekiacha kitako kikielea mbali na bega. Mwendo wa kulazimika umezaliwa na michumo midogo midogo.

Aristotle alikwisha kuuona mlango huo. Katika kitabu cha tatu cha maadili yake alisema kuhusu tabia zilizoharibika kwamba zinafanana na jiwe lililorushwa: halirudishiki, lakini aliyelirusha alikuwa na uwezo wa kutolirusha. Mfano wake unamfaa mpigaji kuliko mtu yeyote. Mwili uliokwisha kufundishwa hofu hauamrishiki utulie. Hata hivyo palikuwa na saa ambapo kufundishwa huko kungeweza kuzuiwa, na ipo saa nyingine, baadaye, ambapo kunaweza kuanza kufunguliwa.

Kuchagua risasi

Saa ya kwanza ya uhuru ni ile ya kuchagua kitakachotiwa ndani ya mtutu. Bunduki ile ile ya kilo 3.5 ikipigwa risasi ya gramu 36 za marisau kwa mita 400 kwa sekunde, nishati ya teke hufika jouli 38 hivi. Ikipigwa ya gramu 28, hushuka hadi 24. Ikipigwa ya gramu 24 kwa kasi hiyo hiyo, hushuka hadi 18, chini ya nusu ya ile ya kwanza. Kupunguza kasi husaidia vilevile: gramu 28 zikirushwa kwa mita 350 kwa sekunde huzaa teke linalokaribiana na lile la gramu 24 kwa mita 400. Atakayepunguza vyote viwili, uzito na kasi, atapata risasi inayompa bega nafasi ya kusahau.

Wahunzi wa bunduki wa Uingereza walilijua jambo hili kwa uzoefu. W. W. Greener wa Birmingham aliacha kanuni inayotajwa hadi leo, kwamba bunduki inapaswa kuwa na uzito mara 96 wa marisau inayorusha. Kwa aunsi moja ya marisau, yaani gramu 28 na kitu, bunduki iwe na kilo 2.7 au zaidi. Bunduki za mashindano za siku hizi zimeipita kanuni hiyo mbali, kwa kuwa kilo 3.5 kwa gramu 24 ni uwiano unaokaribia mara 146. Katika mashindano ya kimataifa na ya Olimpiki ya kulenga visahani vinavyorushwa, mzigo hauruhusiwi kuzidi gramu 24.5. Kisahani chenyewe kina kipenyo cha sentimita 11, na hatua ya mchujo ina visahani 125. Wapigaji bora duniani hufanya kazi hiyo ngumu kwa risasi ambazo mgeni angeziona dhaifu.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mtutu mwembamba daima una teke jepesi. Bunduki za geji 20, zenye mtutu mwembamba kuliko za geji 12, mara nyingi hutengenezwa nyepesi ili zibebeke kirahisi porini. Bunduki ya kilo 2.8 ikipewa gramu 28 kwa mita 400 hurudi na jouli 30 hivi, zaidi ya ile nzito ya geji 12 yenye mzigo uo huo. Kinachoamua ni uwiano wa mzigo na bunduki. Unene wa mtutu peke yake hausemi kitu. Anayempa kijana au mtu mwembamba bunduki nyepesi na risasi nzito, akiamini kwamba amemsaidia, amemwongezea mzigo.

Unafuu huo una gharama. Gramu 28 za marisau membamba ya kulengea visahani huwa na punje takriban 350, na gramu 24 huwa nazo takriban 300. Punje zinapopungua, wingu la marisau huwa hafifu na upungufu wa shabaha husamehewa kidogo zaidi. Lakini punje 50 za ziada hazimfai mtu ambaye, kwa kuogopa kuzipiga, ameupeleka mtutu kando.

Kushika, kusimama na kupokea

Saa ya pili ni ile ya kuuweka mwili. Baina ya mfupa wa mtulinga na mzunguko wa bega kuna bonde dogo lenye misuli, na hapo ndipo kitako kinapopaswa kukaa. Kikihamia juu ya mfupa wa mkono, ngozi huvilia damu. Kikibaki mbali na bega kwa upana wa dole gumba, bunduki hupata nafasi ya kukusanya mwendo wake wote kabla ya kugusa mwili, kisha hugonga kama nyundo. Kikishikizwa imara, bunduki na bega huanza safari ya kurudi nyuma pamoja, na kile kilichokuwa pigo huwa msukumo. Momenta ni ile ile. Kilichobadilika ni tungamo linaloipokea na muda wa kuipokea.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto hutangulia, magoti hulegezwa kidogo, na uzito mwingi wa mwili hukaa mguu wa mbele. Anayeegemea nyuma kwa kuogopa teke hujiweka mahali pabaya zaidi pa kulipokea, maana hana nafasi ya kusukumwa na ngumi ya kwanza humyumbisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka utulivu wa bega sharti ajisogeze kuelekea kile anachokiogopa. Kichwa hubaki wima kiasi, shavu likagusa kitako kwa uthabiti, kwa sababu shavu lililoachana na ubao hupigwa nao ubao unaporuka. Mkono wa mbele huivuta bunduki kidogo kuelekea begani.

Kitako kirefu mno hunasa kwapani na kutua pasipostahili. Kifupi mno hukileta kidole gumba karibu na pua. Mpira laini mwishoni mwa kitako huongeza eneo la kugusa na muda wa kubonyea. Bunduki zinazojipakia kwa nguvu ya gesi hutumia sehemu ya gesi hiyo kusukuma mitambo ya ndani, na teke lake hutawanyika kwa muda mrefu zaidi likahisika laini. Vifuniko vya masikio navyo ni sehemu ya matibabu, kwa sababu mwili hautofautishi vizuri pigo la sauti na pigo la bega. Watu wengi waliodhani wanaogopa teke wamegundua, baada ya kuziba masikio vizuri, kwamba nusu ya hofu yao ilikuwa ya mlio.

Kuufundisha mwili

Saa ya tatu ni ndefu kuliko zote. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika mafundisho yake ya kuizoeza nafsi kwamba anayetaka kuwa na hati nzuri hana njia ila kuuiga mwandiko wa mwandishi mahiri kwa mkono wake, tena na tena, hadi uzuri ule uwe sifa yake na utoke bila kujikalifu. Kwa al-Ghazali, moyo na viungo hufundishana: tendo la nje hushuka ndani likawa tabia, na tabia hupanda nje ikawa tendo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na walimu wa shabaha huanza papo hapo kwa sababu iyo hiyo. Mwanafunzi hupewa risasi nyepesi, za gramu 21 au 24, akapiga chache, kisha husimamishwa bega likiwa bado halijalalamika. Mwili wake huondoka uwanjani bila habari mbaya ya kukumbuka.

Kwa aliyekwisha kuharibika, kuna zoezi linalofichua na kutibu kwa pamoja. Mwalimu huichukua bunduki, humgeuzia mwanafunzi mgongo, hutia ama risasi halisi ama risasi bandia isiyo na baruti, huifunga na kuirudisha. Mwanafunzi hajui amepewa ipi. Analenga, anavuta pumzi, anaanza kubana kifyatulio. Kinasikika kishindo kidogo cha chuma kugonga chuma, basi. Hakuna mlio, hakuna moshi, hakuna teke, na bado mdomo wa mtutu umezama kana kwamba mkono umeupiga, bega limeruka mbele, uso umekunjamana. Hofu imeonekana bila kisingizio chake. Mwenyewe huiona, mara nyingi kwa mara ya kwanza, kwani siku zote mlio na teke vilikuwa vikiifunika.

Zoezi likirudiwa kwa subira, mwili huanza kupokea ushahidi mpya: mara nyingi kifyatulio kimebanwa na hapakuwa na pigo. Wanasaikolojia waliomfuata Ivan Pavlov wanaliita jambo hilo kufifia kwa itiko lililofunzwa, nao wanajua pia kwamba kilichofifia kinaweza kurejea baada ya mapumziko au baada ya pigo jipya. Kwa hiyo zoezi hurudiwa, na risasi nzito hazirudishwi haraka. Nchini Marekani, baadhi ya wapigaji visahani ambao kidole chao kimegoma kabisa hutumia kifyatulio kinachofanya kazi kinyume: hubanwa kwanza, kisha bunduki hulia kinapoachiwa. Mwili uliojifunza kuogopa kubana hupewa tendo jingine ambalo bado haulihofii.

Hapana katika hayo yote mahali ambapo nia hushinda kwa kukaza meno. Nia hufanya kazi kama mkulima anavyofanya na mvua. Hawezi kuiamuru, lakini anaweza kulima mapema, kuchimba mifereji na kupanda mbegu inayofaa.

Ushujaa, huruma na mnyama

Ipo hoja ya upande wa pili inayostahili jibu. Inasemwa kwamba kupunguza teke ni kumdekeza mpigaji, na kwamba uanaume au ushujaa hukuzwa kwa kuvumilia. Hoja hiyo inachanganya uvumilivu na faida yake. Uvumilivu ni fadhila pale ambapo maumivu yanalinda jema ambalo haliwezi kupatikana bila hayo. Teke la ziada halilindi chochote: linaharibu shabaha, ambayo ndiyo sababu ya kupiga. Methali inasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Bega linalojikunyata limesema ukweli kuhusu kilichoupata mwili, na ukweli huo unapaswa kusikilizwa kabla ya kukemewa.

Hata hivyo huruma kwa bega ina mpaka wake, na mpaka huo huonekana porini. Kisahani cha udongo hakiumii kikiguswa na punje mbili. Ndege au mnyama huumia. Mwindaji anayechagua risasi nyepesi kwa faraja yake, kisha akapiga kutoka mbali kuliko zinavyoweza, amelihamisha teke kutoka begani kwake hadi mwilini mwa kiumbe kinachoburura bawa vichakani hadi jioni. Mwindaji anayechagua risasi nzito kupita uwezo wake naye hujikunyata na kujeruhi vivyo hivyo. Mizani ya haki ina sahani mbili: mzigo utoshe kuua mara moja kwa masafa yaliyopo, na mpigaji aweze kuupiga bila kushtuka. Pasipowezekana vyote viwili, wajibu ni kusogea karibu au kuishusha bunduki.

Mafundisho ya Kiislamu kuhusu kuchinja yana mwanga hapa. Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim inamtaka mchinjaji kufanya wema, kukinoa kisu chake na kumstarehesha mnyama. Wema wenyewe umewekwa katika jambo linalofanywa kabla. Mkono ukishashika kisu butu juu ya shingo, moyo wa huruma hauna la kufanya. Mwenye huruma hujulikana kwenye kinoo. Vivyo hivyo kwa mwindaji: uaminifu wake hupimwa dukani anapochagua risasi na uwanjani anapozoea kusimama, zaidi ya katika nukta ya mlio, ambayo haina nafasi ya huruma wala ya ukatili.

Nani anawajibika

Kutokana na hayo, lawama hugawanyika kwa daraja. Anayeshtuka baada ya mlio hana lawama yoyote, kwa kuwa huo ni mwendo wa kwanza wa mwili, kama kope za Descartes. Anayejikunyata kabla ya mlio kwa mara ya kwanza, bila kujua kwamba anajikunyata, hana kosa la tendo hilo, ingawa ana kazi ya kufanya mara atakapolijua. Anayejua, akaendelea kutumia risasi zile zile kwa msimamo ule ule huku akijiapiza kwamba leo atatulia, amechagua kujikunyata kwake, kwa sababu amechagua vyanzo vyake vyote na kukataa matokeo kwa mdomo tu.

Daraja nzito zaidi ni ya aliyemfundisha mwingine. Mara kwa mara mgeni hupewa bunduki nyepesi yenye risasi nzito, bila kuonyeshwa bega wala miguu, ili wenzake wacheke atakapoyumba. Kicheko hicho huchukua dakika moja. Hofu iliyopandwa inaweza kukaa katika mwili wa mtu yule kwa miaka mingi, na kila atakapojikunyata baadaye, mwendo utakuwa wake lakini mchumo utakuwa na mshirika. Mwalimu anayemkabidhi mwanafunzi bunduki nzito, risasi ya gramu 24, vifuniko vya masikio na dakika kumi za maelezo kabla ya risasi ya kwanza, amechagua kwa niaba ya mtu ambaye bado hajui kuchagua, na sehemu kubwa ya utulivu wa mwanafunzi huyo, hata miaka ijayo, ni tendo la mwalimu wake.

Deni la Newton litabaki kudaiwa katika kila mlio. Lililo mkononi mwa binadamu ni kiasi cha deni atakachokopa, namna atakavyolipokea, na kumbukumbu atakayouachia mwili, wake au wa mwenzake, kwa ajili ya risasi itakayofuata.